Nataka Gari Jipya, Nimelisingizia la Zamani

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie upesi, maana nina mpaka Ijumaa saa nne asubuhi, na hapa ninapoandika mikono yangu ina unga na roho inanidunda kama msichana anayesubiri kuposwa, wakati mimi nina miaka arobaini na sita na mapacha wa kiume wanaovaa viatu vikubwa kuliko vyangu.

Kazi yangu ni kuoka keki za harusi. Gari langu ni la zamani, lile la mgongo mrefu, mapacha wangu walipokuwa wadogo walilipa jina la Shangazi kwa sababu halikosi shughuli ya mtu, na kusema kweli sina baya la kumsema. Miaka kumi na minne hajazimika njiani hata mara moja. Ndiye aliyenifikisha hospitali siku ya mapacha, mvua inamwagika, mume wangu anaendesha huku analia. Ila kioo cha upande wa abiria hakishuki mpaka ukisukume kwa kiganja, redio inashika stesheni moja tu ambayo siipendi, na jua likiwaka tunaiva wote humo ndani, mimi na krimu yangu.

Sasa wiki tatu zilizopita nilipeleka keki kwenye ofisi ya yadi moja ya magari, nikaliona. Rangi yake ni bluu iliyokolea, limetumika miaka miwili tu, ukilirudisha nyuma kuna kamera inakuonyesha kila kilicho nyuma yako mpaka paka, kiti kinapanda na kushuka kwa kitufe, kiyoyozi kinapuliza mpaka nikajifunga kanga vizuri, na halina habari za kuzungusha ufunguo, unabonyeza tu linawaka, tena kimya mpaka nilidhani bado halijawaka nikabonyeza tena likazima! Nilikaa ndani dakika tano nikatoka nikiwa mtu mwingine. Mwenye yadi akaniambia yuko tayari kumchukua Shangazi, niongeze juu kidogo, tumalizane, lakini mwisho Ijumaa saa nne kwa sababu kuna mtu mwingine analizungukazunguka.

Mume wangu ni fundi saa, mtu mpole. Nilijua nikimwambia nalitaka ataniuliza swali moja tu, Shangazi ana kosa gani, na jibu sikuwa nalo. Kwa hiyo nikalitunga. Jumatatu iliyopita nilikuwa nachanganya siagi na sukari, nikamwambia kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Shangazi ana mlio siku hizi. Kwikwi fulani hivi, ukikata kona ya kushoto."

Mshauri, huo mlio haukuwepo. Niliutoa kichwani, na hata kwikwi niliipata kwenye mashine ya kuchanganyia.

Nilitegemea aseme basi tutafute lingine. Badala yake aliacha chai mezani, akampeleka Shangazi kwa fundi wetu wa gari, ambaye mtaa mzima unamwita Spana. Spana akazunguka nalo mara mbili, akarudi anatikisa kichwa, akasema huo mlio hata yeye kausikia, tena ni wa siku nyingi, tumechelewa sana kumletea. Na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo! Kesho yake Shangazi alikuwa juu ya jeki, magurudumu ya mbele pembeni. Mume wangu akafunga kibanda chake cha saa siku mbili ili akamsaidie kutafuta. Alilala chini kwenye oili na shati la kazini, Spana akarudishia gurudumu moja akawa analizungusha taratibu, yeye kategesha sikio, na wewe fikiria, huyu ni mtu anayejua saa yako inachelewa kwa kuisikiliza tu. Akainuka, akajipangusa magoti, akaniambia, "Ni kweli, Mama Pacha. Upo."

Hapo ndipo nilipomweleza habari za lile la bluu, nikidhani sasa njia ni nyeupe. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Shangazi hajawahi kutuacha njiani. Na sisi hatumwachi akiwa anaumwa."

Yaani uongo niliotunga ili aachane na Shangazi ndio umemfanya amng'ang'anie. Na kwa kuwa hawezi kumficha mtu kitu, kampigia mwenye yadi na kumweleza kwamba gari lina mlio, na mwenye yadi sasa anasema atalichukua likiwa limepona tu. Jana jioni Spana kamrudisha. Nikatoka naye kwenda kununua mayai, wakati wa kurudi nikakata kona ya kushoto, na mshauri, sijui kama ni wazimu au ni adhabu, nimeusikia. Kwikwi. Nikarudia kona ile mara tatu na mayai yangu.

Jumamosi nina keki ya ngazi tano, kubwa kuliko zote nilizowahi kuoka. Lile la bluu linaniita mpaka nikiwa usingizini. Nibadilishe au nisibadilishe? Na je, ni lazima mume wangu ajue?

Wako, Mwokaji Roho Juu

Dada yangu mwokaji,

Nimecheka mpaka nikavua miwani. Halafu nikaisoma barua yako mara ya pili, nikafika pale mumeo anapojipangusa magoti, na sikucheka tena. Pale nitarudi.

Kwanza usalama wako. Huna wazimu na hakuna adhabu yoyote. Gari lililofunguliwa siku mbili likitafutwa kitu kisichokuwepo, siku ya kulifunga lazima pawe na kitu hakikukazwa, na hicho ndicho unachokisikia ukikata kona. Usiliendeshe hata kufuata mayai mpaka likazwe. Mwite leo fundi mwingine aje hapo nyumbani, mwambie yote yaliyofunguliwa, akaze kila bolti na asibadilishe kingine. Spana naye umwambie ukweli, kwa upole lakini umwambie. Amezoea kusikia anachoambiwa na mteja, na siku moja ataangusha gurudumu la mtu.

Sasa gari la bluu. Nadhani umejiandaa nikukataze, umeshika na leso. Sikukatazi. Una miaka kumi na minne unabeba furaha za watu kwenye gari ambalo dirisha lake linataka kusukumwa, keki za maharusi wote umezifikisha salama na wewe unafika umelowa jasho. Kama unaweza kulimudu bila kuwanyima mapacha viatu, litamani kwa raha zako, dada. Ulipokosea ni pale ulipodhani mtu hana ruhusa ya kutaka kitu mpaka alichonacho kiharibike, ukaona heri uliharibie jina gari zima kuliko kufungua mdomo na kusema nalitaka. Hapo nakugombeza, na nakugombeza kwa sauti.

Kuna kitu kingine. Umenieleza kamera, kitufe, kiyoyozi, mpaka paka. Keki inakaa wapi hujaniambia. Umeingia kwenye gari la kazi yako ukakaa kiti cha mbele dakika tano, nyuma hukufungua! Mwokaji mzima! Magari mengi ya siku hizi sakafu ya nyuma imeinuka na mgongo umeinama, na keki ya ngazi tano haijui kuinama. Kesho asubuhi nenda yadi na ubao wako mkubwa kuliko yote, boksi lako refu kuliko yote na futi ya kupimia. Lisipoingia, rudi nyumbani ukaendelee kusukuma dirisha, tutalia pamoja. Likiingia, mwombe mwenye yadi akuruhusu uzunguke nalo, mpite kwenye barabara mbovu mnayoijua, na nyuma uweke keki ya kweli yenye krimu, hata ndogo. Mwenye yadi atasema gari ni laini kama godoro. Wewe usimsikilize, shuka uiangalie keki imesimama vipi. Na usisahau kwenda na fundi wa kulikagua hilo la bluu kabla hujasaini, na fundi huyo asiwe Spana.

Harusi ya Jumamosi haiguswi. Usithubutu kujifunzia gari jipya na keki ya bibi harusi wa watu. Hata mkielewana Ijumaa, mwambie mwenye yadi Shangazi atakabidhiwa Jumatatu, kwa sababu Jumamosi ana shughuli yake ya mwisho na inabidi aende. Akikataa kungoja siku tatu kwa gari lililofika kila mahali kwa miaka kumi na minne, basi mtu huyo hakufai, na magari ya bluu hayajaisha duniani. Mwenye yadi naye mpigie umweleze kwamba ule mlio uliutunga wewe. Itakuwa aibu ya dakika mbili, nayo utaivumilia.

Sasa turudi kwa mumeo. Umeuliza kama ni lazima ajue, na nadhani uliuliza mwisho kabisa kwa sababu jibu unalo. Ajue leo, kabla hajafungua tena kile kibanda, na ajue kutoka kwako, siyo kutoka kwa Spana.

Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike, usimkatishe, wala usimtajie kiyoyozi. Lakini nataka uende kwake ukijua jambo moja ambalo umeliandika mwenyewe na hukuliona. Mumeo anapata riziki kwa masikio yake. Anasikia saa inayochelewa kabla mwenyewe hajajua. Mtu huyo alilala kwenye oili, akalitegea sikio gurudumu ambalo halikuwa na chochote, masikio yake yakamwambia hakuna kitu, na bado akainuka akasema upo, kwa sababu ni wewe uliyesema upo.

Nenda kamwambie hivi, na usiongeze neno: "Shangazi ni mzima. La bluu nalitaka tu." Mtu aliyekusikia ulipokuwa unadanganya, atakusikia na hilo.