Manyoya ya Simba na Shingo ya Isabirye

Malukhu, Mbale
Jumanne, 9 Juni 1981

Mpendwa mpwa wangu Abdu,

Assalaam aleikum. Hujambo huko Kisumu? Mkeo Nulu hajambo? Na mtoto, ameshaota meno? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila goti langu la kushoto linanigombeza kila mvua inaposhuka kutoka mlima Wanale.

Nyembe ulizompa Omollo, dereva wetu wa lori, zimefika zote, Mungu akuzidishie. Wembe wangu wa zamani ulikuwa hauna tofauti na kijiko. Sukari bado ni ya kubahatisha, sabuni ndiyo usiseme, lakini watu wamerudi kunyoa, nami nimeezeka upya kibanda changu. Ukiona mtu ameanza kujali kichwa chake, ujue woga umepungua.

Sasa jambo lenyewe. Dada yako Kulusumu amepata mchumba. Tangu wanajeshi wamchukue baba yenu mwaka sabini na saba, walii wake ni wewe, na shehe anangoja ridhaa yako kwa maandishi ili nikaha ipite kabla ya Ramadhani. Mimi mjomba wako nakwambia: ngoja kwanza. Usiandike kitu.

Anaitwa Isabirye, Msoga wa Masese, kule ziwani Jinja. Kila wiki analeta dagaa hapa Mbale. Anaswali, hanywi, anaamkia wakubwa, na Kulusumu haambiliki. Lakini Abdu, yule mtu ana nywele! Zimeshuka hadi kwenye kola, na bado anafunga kitambaa shingoni hata jua likiwaka. Mimi nanyoa watu tangu hujazaliwa. Mtu anayemkimbia kinyozi ana lake jambo. Mara nne nimemwita kitini bure, mara nne akakumbuka kwamba dagaa wake wataharibika. Dagaa wakavu hao! Wanaharibikaje?

Wiki iliyopita Omollo, akingoja lori lake lirekebishwe breki, alikaa kibandani akauliza kwa nini simba dume ana manyoya yale marefu shingoni na jike hana. Basi zikawa kelele. Mzee Wamboga wa duka la jirani akasema ni ngao, ili meno ya mwenzake yasifike kooni. Omollo akasema ni urembo wa kuwatega majike. Mimi nikasema, huku nimemkazia macho Isabirye, aliyeketi nasi, kwamba simba huyo ana kitu anakificha.

Isabirye akacheka. Akasema simba hafichi chochote. Wakipigana, huumana zaidi mgongoni na kiunoni kuliko shingoni. Manyoya yale ni habari: dume aliyeshiba na mwenye nguvu huwa nayo marefu na meusi, aliyeumia hunyonyoka, basi mwenzake humsoma kwa mbali akaamua apigane au aondoke. Na majike nao husoma hivyo hivyo. Anasema aliwaona kwa macho yake.

Haya, niambie, muuza dagaa wa ziwani aliwaona wapi simba? Miaka ile aliyekuwa akilala mbugani ni nani kama si mwanajeshi, anaua wanyama kwa bunduki ya serikali? Na siku hiyo hiyo Mzee Wamboga alipomwita ghafla kwa sauti kubwa, Isabirye alisimama wima akaitika, "Ndiyo, afande!" Kisha akainamisha uso. Kuitika huko hakufundishwi msikitini. Tumwoze mtoto wetu mtu wa wale waliomchukua baba yake?

Kwa hiyo nimemtega. Nimemwambia kwamba kwetu bwana harusi hunyolewa na mjomba wa bibi harusi, ndiyo desturi. Hakuna desturi kama hiyo, nimeizua mwenyewe, na Kulusumu alicheka hadi akamwaga chai. Isabirye alikaza fundo la kitambaa chake, kisha akakubali. Itakuwa Ijumaa baada ya swala. Nitakachokiona nitakuandikia hapa hapa chini.

Ijumaa, 12 Juni

Abdu, nimeshamnyoa. Nilitaka kuichana karatasi hii nianze upya, nikaona niiache uone jinsi nilivyokuwa nabwata.

Nywele ziliposhuka niliona kovu, kuanzia nyuma ya sikio la kulia hadi kisogoni, limejipinda mwishoni. Nililijua kabla sijaligusa. Nililifanya mimi.

Hili sikumwambia mtu, hata mama yako, dada yangu, Mungu amrehemu. Ile miezi mitatu niliyosema nimepata kazi Tororo, sikuwa Tororo. Wanajeshi walinichukua pamoja na mkoba wangu wa nyembe, nikawa nawanyoa wafungwa kambini kwao. Na waliponiambia niende zangu, niliomba nibaki wiki mbili zaidi. Unisikilize vizuri hapa. Baba yako alikuwa ameshachukuliwa. Kila kichwa kilicholetwa mbele yangu nilikiinua kwanza nione uso. Vilikuwa vingi mno, Abdu. Chake hakikuja. Nikarudi nyumbani nikanyamaza, maana niliogopa mtaniuliza mbona mimi nilitoka.

Siku moja risasi ililia nje, mkono ukaruka, wembe ukamchana kijana mmoja. Hakupiga kelele, kwa sababu tungepigwa wote wawili. Nilikibana kidonda kwa tumbaku ya sigara. Ndiye Isabirye.

Yeye alinitambua siku ya kwanza alipokuja nyumbani kuposa. Nywele zile na kitambaa kile vilikuwa kwa ajili yangu, nisiaibike mbele ya watu wangu. Alipotoroka kambini alijificha kwa baba yake mkubwa, askari wa hifadhi ya wanyama kaskazini, na huko ndiko alikowaona simba. Na hiyo "afande", nani aliyepita mle asiyeitika hivyo akishtuliwa?

Nilisimama na wembe mkononi. Akainamisha kichwa akaniambia, "Maliza tu, mjomba. Leo mkono wako umetulia."

Nimemweleza Kulusumu yote. Amelia sana. Ameniletea chai, lakini mpaka sasa hajanisemesha. Harusini Isabirye atakaa kisogo wazi. Watu watauliza, na nimeamua nitawajibu mwenyewe.

Msalimie sana Nulu, umbusu mtoto, na mama mkwe wako Nangobi mwambie namkumbuka. Mzee Wamboga anakusalimu, bado anashikilia ngao yake. Mwenyezi Mungu awalinde, akuonyeshe siku moja alipolazwa baba yako.

Omollo anageuza lori huko Kisumu Jumatatu. Mpe barua mbili. Ya kwanza ni ridhaa, ya shehe, usiicheleweshe, kijana hana kosa. Ya pili ni yangu. Hata ikijaa matusi nitaisoma hadi mwisho.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye, kama bado unanitaka,

Nasuru