Ndege Zilizolalia Kushoto

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Leo kliniki. Mwanangu Mwatumu ana miaka miwili na miezi mitano na kichwa bado kinalalia bega la kulia. Dada Praxeda wa mazoezi ya viungo kampima, kampima tena. Tuendelee kumnyoosha shingo kuja kushoto, asubuhi na jioni. Tarehe 30 ndiyo kipimo cha mwisho. Msuli usipolegea ataandika barua twende hospitali kubwa, akakatwe. Kaniambia kwa upole, ila neno lenyewe halina upole.

Kaniuliza, unamnyoosha kweli au akilia unaacha? Nikasema namnyoosha. Nusu kweli.

Nimemwambia Uweso, mume wangu. Kaenda zake kwenye banda lake la gemu – hatua mbili tu, ukuta mmoja na chumba chetu.

Jumatano, 3 Septemba
Uweso kapata gemu za zamani za ndege za vita, kaziweka kwenye ile kompyuta yake chakavu. Furaha kama kazaliwa jana. Tabu ni kwamba hizo gemu ziliundwa kwa TV iliyosimama, ndefu kwenda juu. Yetu ni ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mkubwa, pana, iko ndani ya kabati alilopiga misumari mwenyewe. Basi picha inakaa katikati, kiukanda, huku na huku weusi mtupu. Rama, mteja wake wa kila siku, kasema anaona vita kwenye tundu la ufunguo.

Jioni nimemnyoosha Mwatumu peke yangu. Kalia mpaka kakohoa. Ng'ambo ya ukuta Uweso kaongeza sauti ya TV.

Ijumaa, 5 Septemba
Kaichomoa TV kabatini, kaisimamisha ubavu. Picha ikajaa, watu wakashangilia. Haikupita robo saa, kona moja imekuwa kijani, harufu ya joto imetanda. Noa fundi TV kaitwa mbio. Kasema chogo limezoea kukaa kitako, ukililaza ubavu joto linakosa pa kutokea na rangi zinahama. Kairudisha. Uweso kanuna mpaka wali umepoa.

Jumapili, 7 Septemba
Safari hii kaiacha TV, kageuza picha yenyewe kwenye kompyuta. Imejaa kioo chote, ila imelala. Ndege badala ya kupanda juu zinakwenda kulia. Wateja wote wamepinda shingo kulia wapate kuziona sawasawa.

Rama: "Kaka Uweso, nimekuja kucheza, natoka hapa kwenda kwa mkandaji."
Uweso: "Lipinde tu hilo shingo, wenzio wanalipia mazoezi."

Walicheka. Mimi nilikuwa nimeingia na chai. Nikawatazama. Wanaume watatu wamelaza vichwa, wanalalamika. Mwatumu kati yao, kwenye stuli, katulia na kitufe chake anabofya. Hana habari. Yeye hakupinda kitu. Picha imekaa sawa na kichwa chake.

Nimerudi jikoni. Nikashika sufuria, sijui nilitaka kupika nini.

Halafu nikawaza – na ikilala upande wa pili?

Jumatatu, 8 Septemba
Asubuhi, kabla hajafungua, nikamwambia Uweso: kichwa cha picha kije kushoto. Kasema kuna tofauti gani, kulala ni kulala. Nikamwambia mtazame mwanao. Akamtazama. Muda mrefu hivi. Sijawahi kumwona akimtazama shingo namna ile, huwa anamtazama miguu tu.

Kageuza picha.

Mwatumu kakasirika. Kagonga kioo. Kisha kapinda kiwiliwili kizima, kaanguka na stuli. Tukacheka, naye akacheka. Nikaleta beseni la kufulia, nimemkalisha humo, nimemsokomezea kanga pande zote asiweze kupinda kiuno. Mkono wangu juu ya bega lake la kulia lisipande, kama alivyonifundisha Dada Praxeda.

Kichwa kikaja. Kidogo. Kikarudi. Kikaja tena.

Hajalia.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimempigia Dada Praxeda. Kacheka sana ile habari ya beseni. Kasema haina ubaya, shingo ikijivuta yenyewe ni bora kuliko kuvutwa, ila kunyoosha kwa mkono nisiache. Siachi. Lakini sasa mtoto akiniona nimekaa kitandani, nimekunja miguu, anakimbia. Mimi ndiye mtu wa kuumiza, baba ndiye mtu wa ndege. Inauma, sisemi.

Jumanne, 16 Septemba
Mama mkwe kaja kutoka Muheza na kapu la machungwa. Shikamoo, marahaba, kisha macho kwenye beseni. Kauliza mjukuu wake kawa nguo? Uweso kamweleza yeye mwenyewe, kwa mikono, mpaka kapinda shingo yake. Bibi kajaribu kuchungulia ndege, miwani ikamdondoka. Kasema mna wazimu, ila kambusu mtoto upande ule ule wa kushoto, ili ageuke.

Jumamosi, 20 Septemba
Wateja wamechoka. Wanataka picha isimame, hata ikiwa kiukanda. Mmoja kasema anahamia banda la barabara ya pili. Nikajua Uweso ataninyang'anya ndege. Kumbe kawaambia: mchana isimame, asubuhi mpaka saa nne imelala, mwenye banda anafanya mazoezi. Rama kauliza mwenye banda nani? Uweso kamnyooshea kidole aliye kwenye beseni.

Jumapili, 28 Septemba
Kwenye kioo cha kabati la nguo nadhani naona kichwa kimepungua kulala. Halafu naona kiko vilevile. Nimeacha kutazama.

Jumanne, 30 Septemba
Naandika kwenye benchi la kliniki. Wameniomba nitoke. Mwatumu kaniona navua kanga begani, kadhani namnyoosha – kapiga kelele, shingo imekaza kama mti. Haipimiki. Dada Praxeda kasema mama tupishe kidogo, baba abaki.

Uweso, ambaye hajawahi kupita mlango ule.

Wameuacha wazi nusu. Kwanza mtoto analia. Kisha namsikia Uweso analia yeye – vuuu, vuuu – sauti ya ndege, mtu mzima, na foleni yote hapa inasikia. Nimechungulia. Kalala ubavu kwenye kitanda cha wagonjwa na viatu vyake, mikono kaitandaza mbawa, anamtazama mwanawe. Kichwa kakielekeza kushoto kwa mtoto.

Mwatumu kanyamaza. Kasema, "Baba kalala."

Kichwa kinaanza kuja. Dada Praxeda kanyanyua kipimo chake, hamgusi. Kasema polepole, baba usishuke.

Kaangalia kipimo. Kaandika kitu. Sijaona nini.

Sasa kamwambia Uweso, "Tena."