Taa Mpya za Gari la Baba

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Fundi akirudi, mwambie taa azikaze tu, asizing'oe. Na aniwie radhi kwa maneno ya asubuhi.

Nimemsumbua mara tatu abadilishe taa za gari langu la spoti, hili la tangu ujana wangu, nikidai hazina nguvu. Leo kaziwasha, nikasema bado hafifu. Kugeuka, nakuona wewe na yeye mmejikinga macho kwa viganja.

Basi si taa.

Nimekwenda kwa daktari wa macho, kwa miguu. Funguo hizi hapa. Gari endesha wewe ~~mpaka nipone~~.

Herufi nimeziandika kubwa ili nizione. Sikufokei, mama.

Baba yako