Kapu la Kwanza la Korosho

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimelitelekeza daftari hili tangu Ramadhani. Ni uzembe, sina udhuru. Naomba radhi, ingawa hakuna wa kunisamehe ila mimi mwenyewe.
Asubuhi nimeokota korosho, mistari mitatu. Mikorosho ya babu, hapa Mtunda, ingali inazaa. Wapimaji wa ardhi watakuja wiki ijayo. Fomu ya hatimiliki inataka historia ya shamba. Nimeandika: babu alishuka kutoka milima ya Umatumbi, akafyeka pori, akapanda. Nimeridhika.

Jumatano, 8 Oktoba
Sijaridhika. Nani alimwonyesha babu mahali pa kufyeka? Sikuambiwa. Nakumbuka kapu tu. Kila msimu mama alinituma kwa jirani yetu, Bi Tatu, na kapu la kwanza la korosho. Nilirudi nalo likiwa na mchele aliotutilia. Mama alipofariki nililikomesha. Niliona ni sadaka, na kina Bi Tatu hawakuwa maskini tena.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimekwenda kwa Bi Tatu. Haoni vizuri, lakini ulimi wake ungali mkali.
"Kumbe Mwalimu bado anaijua njia!"
Nikamweleza habari ya fomu, kisha nikauliza habari za kapu. Akacheka.
"Miti yenu, ardhi yetu. Babu yako alimwomba babaangu mahali pa kupanda. Kapu ndiyo salamu ya kila mwaka. Ulipolikata nikasema, huyu kasoma mpaka kasahau."
Nimeona haya. Miaka yote hiyo nimejihesabu mtoa sadaka, kumbe nilikuwa mgeni asiyebisha hodi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Binti yangu Zuhura amekuja kutoka Kibiti baada ya sala. Anataka hati itoke.
"Baba, andika lilikuwa pori. Bi Tatu ana karatasi gani?"
Nimemkaripia vikali. Ukweli ni kwamba wazo hilo nilikwisha kuwa nalo kabla yake. Watoto wangu hawana shamba jingine.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimezunguka shambani mara nne bila kazi.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimechagua korosho nzuri, nikajaza kapu, nikalibeba mwenyewe. Bi Tatu amezipapasa, ameshukuru, amezimimina mkekani. Kapu amelirudisha tupu.
Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Anangoja nitakachoandika kwenye fomu.
Fomu ipo mezani, kapu kando yake. Nikishaamua, nitaandika hapa.