Sufiani Hakimbii Tena

Shikamoo baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mwalimu anadhani mdogo wangu Sufiani anapenda mbio. Kumbe nilimdanganya kwamba utatoka Dakawa uje kumtazama kwenye mashindano, ndiyo maana kila asubuhi alipanda kilima pekupeku.

Jumamosi alikuwa wa kwanza. Alipovuka utepe hakusimama, alizunguka uwanja akitazama nyuso za watu.

"Dada Raya, baba amekaa wapi?"

"Hakuja."

"Basi sikimbii tena."

Najua mpunga umekubana. Msalimie mama mdogo na mtoto.

Sikukualika, baba. Niliogopa utakataa. Leo nimemwambia Sufiani ukweli, akaenda kukaa mlangoni. Nikavua viatu, nikakipanda kilima nikidhani atanifuata. Nilipogeuka, bado alikuwa amekaa palepale.

Mwanao,
Raya, Bigwa