Madaftari ya Falone

Sydney, 9 Agosti 2021

Dada Chibalonza,

Hujambo huko Bukavu? Goti limekubali ngazi? Sisi wazima, ila korona imetufungia ndani. Natoka tu kwenda kuendesha foklifti ghalani Wetherill Park, narudi nanuka dawa ya mikono.

Binti yangu Falone anasomea jikoni. Walimu wanatuma kazi kwenye kompyuta. Nimemwambia hesabu huandikwa daftarini, kwa rula; shule ikifunguliwa, mwalimu atakusanya. Mwalimu simsumbui hata kwa simu. Nakumbuka ulivyowachukia wazazi wa kubisha hodi darasani kwako.

Mdogo wako,
Symphorien

Bukavu, 30 Agosti 2021

Mdogo wangu,

Goti limekataa ngazi, limekubali kiti. Hongera kwa rula. Ila huyo mwalimu anajua kwamba hayo madaftari yapo?

Dada yako

Sydney, 4 Novemba 2021

Dada,

Afya ipo, nimechelewa kwa aibu tu. Mwalimu hakujua.

Shule ilipofunguliwa, Falone alipeleka madaftari matatu, akarudi nayo. Kumbe kila wiki kazi ilitakiwa kupigwa picha na kutumwa. Kompyuta imeandika sifuri kumi. Mwakani wamempanga darasa la chini la hesabu, na kwa hesabu hiyo uhandisi anaoutaka ausahau. Nikipiga simu, "tuma imeli." Nikituma imeli, "tutakujibu." Eti walidhani nyumbani hatujali. Mimi niliyenyamaza kwa heshima.

Wenzake wana wazazi wanaojua njia. Yeye ana bingwa wa rula.

Mdogo wako

Bukavu, 12 Novemba 2021

Symphorien,

Goti liache. Wale wazazi niliowafukuza, watoto wao walifaulu. Kabishe hodi.

Dada yako

Sydney, 3 Februari 2022

Dada,

Sisi wazima, goti nimeliacha, kama ulivyoagiza.

Mara tatu niliishia getini na madaftari mkononi: mzazi haingii, korona. Mara ya nne mwalimu alitoka mwenyewe, akasahihisha kurasa sita juu ya boneti ya gari langu. Akaomba abaki na madaftari yote. Baada ya wiki akapiga simu: themanini na nane kwa mia. Halafu akaniambia darasa la juu limejaa. Falone ni wa tatu kwenye orodha ya kungoja.

Leo ameanza la chini. Jioni nimemkuta ananakili masomo ya rafiki yake wa darasa la juu, kwenye daftari jipya. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwa Kiingereza chao kwamba wakimwita, hataki awe nyuma.

Kesho nimeomba ruhusa kazini. Naenda kubisha hodi mara ya tano.

Mdogo wako