Flashi Uliyoificha Kwenye Kopo la Skrubu

Fundi Khatibu,

Watu wakimwandikia maiti huanza kwa kumwombea. Mimi leo siwezi, na kujifanya sitaki. Umenidanganya miaka minne, inatosha. Nami nisije nikaanza kukudanganya weye huko uliko.

Nakuandikia hapa dukani Madungu, nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya meza yako yenye madoa meusi ya risasi uliyokuwa ukichomelea simu. Feni yako bado inapiga kelele. Jina lako bado liko juu ya mlango, maana rangi ya kulifutia sijanunua, lakini nitanunua.

Tulipokwisha kukusomea hitma ya arubaini, mkeo aliniita. Bi Mize yumo edani bado, kakonda, sauti imemkauka. Akanishika mkono akanitilia ufunguo. "Mwanaidi mwanangu, duka lifungue. Marehemu alikuwa akisema weye ndo mkono wake wa kulia." Kisha akaniomba jambo moja. Ramadhani iliyopita ulijirekodi ukisoma Kurani, ukaitia kwenye flashi, naye hakupata kuisikiliza. "Nitafutie, mwanangu. Nataka nimsikie japo sauti."

Nikatoka mbio. Unajua nilivyokuwa nikikupenda. Nilitaka mimi ndiye niwe wa kumfurahisha mjane wako.

Kompyuta yako nduguyo Juma alikuwa ameshaichukua, nayo nilikuwa nikiitumia mimi, najua haina kitu chako, kwa hiyo nilibaki na simu yangu na kile kichwa kidogo cha kuunganishia flashi. Nilitafuta kwenye droo, hamna. Chini ya meza, hamna. Niliipata ndani ya kopo la maziwa ulilokuwa ukitilia skrubu, chini kabisa, imezungushwa utepe mweusi. Nilicheka peke yangu. Nikasema, huyu mzee na vitu vyake.

Nikaichomeka. Simu ikafikiri kidogo, ikaniletea mafolda mawili. La kwanza "Kurani", sura tisa. La pili "Vipuri". Nikalifungua hilo la pili kwa sababu nilidhani umeandika orodha ya vioo na betri zilizobaki, na duka sasa langu, nizijue.

Mlikuwa na majina ya wanawake. Saba. Saumu. Zuwena. Wengine siwataji hapa. Nilibonyeza la Saumu kwa sababu ni mwalimu wa chuo cha Kurani anayewasomesha watoto wa dada yangu, nikadhani labda ni kazi aliyokuletea. Nikamwona Saumu kwao, kichwa wazi, kanga imefungwa kifuani, anauonyesha uvimbe ulio chini ya bega. Baadaye aliniambia: picha ile alimpigia dada yake, muuguzi Unguja, amwambie kama aende hospitali.

Nilifunga upesi, lakini kipicha kidogo cha juu ya jina la Zuwena nilikuwa nimeshakiona, ananyonyesha mtoto. Jina la sita lilikuwa langu.

Picha zangu ulizipata wapi najua, nakumbuka mpaka siku. Nilikuletea simu imepasuka kioo. Ulinitazama kwa upole, ukanipa kipande cha karatasi, ukasema, "Niandikie neno la siri, mama, nipate kuijaribu. Njoo alasiri." Mimi nikaandika. Ndani mlikuwa na picha mbili nilizompigia Omar, mume wangu wa ndoa, aliyekuwa akifanya kazi Unguja. Nywele mbichi, nimetoka kuoga, nimekaa kitandani kwetu na kanga moja. Sikuwa uchi, Fundi. Lakini zilikuwa zake.

Miezi mitatu baadaye Omar alikuja na meli ya asubuhi, hakuvua hata viatu. "Picha zako zinatazamwa na wanaume barazani Unguja. Umempa nani?" Nilimwapia. Nilichukua msahafu mbele ya baba yangu nikaapa kwamba hakuna mtu mwengine niliyempelekea. Baba akauliza swali moja tu: "Simu yako, picha zako, nani mwengine basi?" Nikapewa talaka mchana ule ule, na tangu hapo baba akawa akinisemesha kupitia kwa mama. "Mwambie mwanao alete maji." Mwanao. Nimekaa naye nyumba moja, chumba kinachofuata.

Weye ukaja. Ulikuja kwetu na kanzu yako safi, ukamwambia mama, "Mpeni ruhusa aje dukani nimfundishe kazi. Asikae ndani akaoza, kijana kama huyu." Mama alilia kwa shukrani. Mimi nililia zaidi yake. Mtaa mzima ulikuwa ukinitazama kama uchafu, na mwanamume mmoja tu ndiye aliyenitazama kama mtu.

Ukanifundisha kweli, sikunyimi haki yako. Kushika kibano bila kutetemeka. Kusikia kwa kidole betri inayotaka kuvimba. Ukinigawia mkate wa mofa na mchuzi wa pweza saa nne, sahani moja, ukinisukumia upande wenye nyama. Siku moja ulimi uliniteleza nikakuita Baba. Uligeuza uso ukaanza kuifungua feni isiyokuwa na ubovu. Nilidhani umeona haya kwa furaha.

Sasa niambie. Ulikuwa ukinilisha kwa huruma, au ulikuwa ukijilipia dhambi kwa sahani ya mchuzi? Ulinifunza kazi ili niinuke, au ili nikae karibu, chini ya macho yako, nisije nikafikiri? Sipati jawabu na hilo ndilo linalonichoma. Ungekuwa muovu moja kwa moja ningejua pa kukuweka.

Alhamisi alikuja Hemedi, yule sahibu yako aliyekuwa akishinda hapa barazani kila akirudi safari zake za Unguja. Hakukaa. "Pole na msiba, Mwanaidi. Kuna flashi ya marehemu, ina vitu vyangu. Miziki."

"Flashi gani?"

"Ina utepe mweusi."

Utepe mimi sikuutaja, na huyu ndiye mwenye safari za Unguja alikokuwa Omar. Nilimuuliza, tena kwa sauti ya chini: "Hemedi, mume wangu ulimwonyesha weye?"

Alitazama nje. Alisema, "Wallahi mie sikujua kama ndiye mumeo. Tulikuwa tunaonyeshana tu, watu barazani kule Unguja, kwa flashi hiyo hiyo, nakala Fundi alikuwa hanipi. Yeye kapita, kachungulia." Kisha akakasirika, kama mimi ndiye mwenye makosa. "Na weye ulipiga picha za nini? Kesho baada ya sala nnakuja na Juma tuchukue vitu vyote vya marehemu. Hivo si vyako."

Akaenda zake. Tunaonyeshana tu. Miaka minne ya maisha yangu, Fundi, na jina lake ni hilo.

Nitakwambia nilichotaka kufanya. Nilivaa buibui, flashi nimeifumbata, nikafika mpaka mlangoni. Nilitaka nikamuite baba, nimuite sheha wa mtaa, nimpigie Omar, niseme: haya, tazameni, simu yangu ilikuwa kwa nani! Nilikuwa nimeshika usafi wangu mkononi. Kisha nikafikiri, watatazama nini? Picha zangu peke yake haziwi ushahidi. Watasema nimezitia mwenyewe. Ili waniamini lazima waone majina yote saba, na wakiona majina watataka kuona vilivyomo. Bega la Saumu. Zuwena anayenyonyesha. Wanaume wanne watano wakakaa wakahakikisha, mmoja baada ya mmoja, ili mimi niitwe mwanamke mwema.

Nikavua buibui.

Ijumaa, mtaa ulipoanza kuelekea msikitini, nilifunga mlango wa duka kwa ndani. Kuivunja kwa nyundo ningeweza, lakini Bi Mize alikuwa akiisubiri, na angeniuliza. Kwanza nikazihamishia sura zako tisa kwenye simu yangu. Halafu nikaingia kwenye mipangilio, hifadhi, nikaichagua flashi, nikabonyeza vile vitone vitatu vya juu. Sisi dukani tunasema kufomati. Simu yangu kwa vile nimeiweka Kiswahili imeandika "Umbiza". Ikanionya kwamba kila kitu kitafutika. Nilikitazama kidole changu. Nilijua ninafuta na haki yangu, na kwamba pengine nitazeeka nikiitwa jina lile. Nikabonyeza.

Lakini weye mwenyewe ulinifundisha kwamba kufomati si kuchoma moto. Ulisema simu inachana orodha tu ya mwanzoni, kurasa zenyewe zimo bado, na fundi mjuzi anaweza kuzirudisha. Ukitaka zife, andika juu yake. Basi nikaandika juu yake. Nilirekodi video ya ukuta huu wako uliobanduka rangi, nikaitia kwenye flashi, nikairudia na kuirudia mpaka simu ikasema nafasi imekwisha. Nikafomati tena. Nikaijaza tena ukuta. Nikafomati mara ya tatu. Jasho lilikuwa likinitoka kama niliyelima. Halafu nikazirudisha sura tisa mahali pake.

Walipogonga nilikuwa nimeshafungua madirisha. Nilimpa Juma flashi mkononi. "Hii ina Kurani ya marehemu, mpelekee Bi Mize." Hemedi akaipokonya, akaichomeka kwenye simu yake pale pale. Akatelezesha kidole. Akaniangalia.

"Na vyengine?"

"Vyengine vipi, Hemedi? Vitaje. Mtajie nduguye hapa."

Juma akamgeukia, kasimama, anangoja. Hemedi akasema hakuna kitu, miziki tu, labda imepotea. Hajakanyaga tena barazani hapa.

Nilikwenda nikakaa na mkeo alipokuwa akikusikiliza. Aliniomba, ningekataaje. Una sauti nzuri ya kusoma, Fundi, ya mtu anayejua anachosoma. Ningependa ingekuwa mbaya. Bi Mize alilia akaniegemea, nami nikampapasa mgongo huku meno nimeyauma. Sijamwambia. Sijui kama nitamwambia. Huo mzigo umeniachia mimi, na umemwachia yeye jina zuri alishikilie, na nyote wawili hamkuniuliza.

Jumapili nilikwenda chuoni kwa Saumu, watoto walipotawanyika. Nilimwambia yote, neno kwa neno, mpaka utepe mweusi. Nilitegemea anitukane, kwamba nimeona nisichostahili kuona. Alilia kidogo, akajifuta kwa ushungi, akauliza, "Zimekufa kabisa?"

"Zimekufa."

"Na zako?"

"Na zangu."

"Basi na weye umejiulia shahidi wako."

Nilirudi dukani.

Alichokifanya sikumtuma. Siku ya pili, baada ya alasiri, alikwenda kwetu. Mama ndiye aliyenihadithia. Alibisha hodi kwa adabu, akaingia, akakaa mbele ya baba yangu kwenye mkeka, akamwambia: "Mzee Makame, mie ni mwalimu wa wajukuu zako, unanijua. Mwanao hakumpa mtu picha. Zilichukuliwa dukani, kwenye simu. Na mie nilikuwemo." Mama anasema baba aliinamisha kichwa, akamwomba asiendelee. Saumu akaendelea. Alitaja simu yake, mwezi alioipeleka, na picha gani aliyoibiwa. Mwanamke anayeheshimiwa mji mzima wa Chake, kajivua sitara mbele ya mwanamume asiyemhusu ili mimi nisitiriwe.

Baba alikuja dukani asubuhi yake. Hakuwa amewahi kufika hapa. Alisimama mlangoni na bakora yake, anakohoa, hajui aingie au arudi, mimi nimeinamia simu ya mtu. Akasema, "Mwanaidi." Hivyo tu. Nilishindwa kuinua uso, skrubu zote zikawa zinaelea machoni. Akavuta kiti akakaa mpaka adhuhuri, kama mteja anayesubiri simu yake. Omar hajaambiwa, na sina haja. Nilichokuwa nikikitaka kilikuwa na bakora na kikohozi, na kimekuja.

Sasa mteja akileta simu anakaa hapo mbele yangu, kioo kinamwelekea yeye, na neno la siri anaandika mwenyewe. Asiyeweza kungoja, simu yake siipokei.

Siku ile ya mazishi, kabla jeneza halijatoka, Juma alisimama uani akasema, "Aliyekosewa na marehemu kwa kujua au kwa kutojua, tunamwomba amsamehe." Sisi wanawake tuliitikia kutoka ndani: tumemsamehe. Mimi sauti yangu ilikuwa juu kupita zote. Saumu alikuwa pembeni yangu. Na Zuwena nadhani alikuwepo.

Neno lile nimelirudisha. Nililitoa bila kujua ninasamehe nini, na msamaha wa hivyo si wako kuondoka nao.

Wamebaki watano. Zuwena yuko Wambaa, nitamfuata Jumamosi. Mmoja amehamia kisiwani Fundo, nitavuka. Nitakaa na kila mmoja, nitamwambia jina lako, kazi uliyoifanya, na kwamba zimekufa. Kisha nitamuuliza kama anakusamehe. Sitamshawishi huku wala huku. Wakikusamehe wote, Fundi, nami nitainua mikono nikuombee, nakuahidi, na nitakuombea kama ninavyomwombea mzazi. Akikataa hata mmoja, nitakaa upande wake.

Kwaheri. Ngoja huko.

Mwanaidi